Nungu-bahari, Kupe na Ngazi: Jakob von Uexküll na Elimu ya Ishara za Uhai

Katika makala haya tunakusudia kusimulia habari za mtaalamu mmoja wa elimu ya viumbe, Jakob von Uexküll, ambaye leo huhesabiwa kuwa mmoja wa waasisi wakuu wa taaluma iitwayo biosemiotiki, yaani elimu ya ishara katika maisha ya viumbe hai. Huenda msomaji akauliza habari hizo zina uhusiano gani na walimu wa Kiswahili, tena walimu wa Gitega na Muyinga, walio mbali na bahari na mbali zaidi na vyuo vya Ulaya. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, sehemu ya uchunguzi wake aliifanya Dar es Salaam, mji ambao malori yanayopita Muyinga na kuvuka mpaka wa Kobero huuendea kila siku. Pili, katika kitabu chake kimojawapo amemtaja kijana wa Kiafrika aliyetoka bara, asimpe jina. Sisi tulio watu wa bara tunapokisoma kitabu hicho tunaona kwamba tunalo neno la kusema.

Yafaa kwanza tukumbuke nyakati zenyewe. Uexküll alifika Dar es Salaam katika safari yake ya 1899 hadi 1900. Mji huo ulikuwa makao makuu ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani tangu mwaka wa 1891. Kodi ya nyumba ilikuwa imeanza kutozwa mwaka wa 1898, na vita vya Maji Maji vilikuwa bado miaka michache mbele. Kwenye ramani za Wajerumani nchi yetu ilikwisha kutiwa ndani ya koloni hilo, ingawa Mwami Mwezi Gisabo hakuwa amekubali. Ilikuwa mpaka mwaka wa 1903 ndipo mapatano ya Kiganda yalipofanywa, na Gitega ikafanywa makao ya utawala wa Kijerumani mwaka wa 1912. Kiswahili kilichosikika katika boma la Gitega kilikuwa ni kile kile kilichotumika katika ofisi za pwani, kwani maaskari, makarani na wafanyabiashara walikuja nacho. Kwa hiyo mtaalamu huyu alipokuwa akiinama juu ya maji ya Bahari ya Hindi, yeye na babu zetu walikuwa wameandikwa katika daftari moja, wapende wasipende.

Maisha yake tutayapitia kwa haraka. Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1864 nchini Estonia, wakati huo ikiwa sehemu ya milki ya Urusi, katika ukoo wa makabaila wenye asili ya Kijerumani. Alisoma elimu ya wanyama katika chuo kikuu cha Dorpat, mji ambao sasa huitwa Tartu, kisha akafanya kazi Heidelberg na katika kituo cha wanyama wa baharini cha Naples, nchini Italia. Kwa muda mrefu hakuwa na kazi ya mshahara. Aliishi kwa mali ya ukoo wake, na mali hiyo ilipotea katika vita vya kwanza vya dunia na mapinduzi ya Urusi. Alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 60 alipopata nafasi ya kuongoza taasisi yake mwenyewe katika chuo kikuu cha Hamburg. Huko, pamoja na mambo mengine, wanafunzi wake walichunguza jinsi ya kuwafundisha mbwa kuwaongoza vipofu. Alifariki katika kisiwa cha Capri mwezi wa Julai 1944.

Sasa turudi pwani. Mnyama aliyemshughulisha sana Uexküll ni yule mwenye umbo la mpira na miiba mirefu, akaaye kwenye miamba na matumbawe, ambaye mvuvi akimkanyaga huchechemea siku kadhaa. Watu wa pwani wana majina yao ya kumwitia. Kwa ajili ya wasomaji wa bara, ambao nungu wa nchi kavu wanamfahamu, hapa tutamwita nungu-bahari. Mnyama huyu hana kichwa. Hana ubongo kama wetu, wala macho kama yetu. Hata hivyo kivuli kinapompitia, miiba yake huinuka na kuelekea upande ule ule kivuli kilikotokea, kama mikuki ya watu waliosikia mlio wa kengele. Mwaka wa 1900 Uexküll alichapisha makala juu ya athari ya mwanga na kivuli kwa nungu-bahari, na jambo hilo hakuliacha tena. Alilirudia mwaka wa 1909 katika kitabu juu ya ulimwengu wa wanyama, akalirudia tena mwaka wa 1934.

Kuna nini katika kivuli hata mtu akifikirie kwa miaka 34? Wingu likipita mbele ya jua, miiba huinuka. Ngalawa ikipita, miiba huinuka. Samaki mla-nungu akipita, miiba huinuka vile vile. Sisi tunaotazama kutoka juu tunaona vitu vitatu: wingu, ngalawa, samaki. Nungu-bahari hana vitu vitatu. Analo jambo moja tu, nalo ni kwamba mwanga umepungua. Mtu mwenye haraka atasema kwamba mnyama huyo ni mpumbavu, asiyejua kutofautisha adui na wingu. Uexküll alilitazama jambo kwa namna nyingine. Kuinua miiba bure mbele ya wingu ni hasara ndogo; kutoinua mbele ya samaki ni kifo. Kwa mahitaji yake nungu-bahari amekamilika, na katika ulimwengu wake kupungua kwa mwanga kuna maana. Hapo ndipo neno «maana» lilipoingia katika elimu ya viumbe. Wataalamu wengi wa zama zile walitaka kumweleza mnyama kama saa au mashine ya kushona, na kwa kweli Uexküll mwenyewe katika miaka yake ya mwanzo alikuwa na hamu kubwa ya kupima misuli na neva kwa njia hizo. Lakini mashine haijali kitu. Nungu-bahari anajali.

Kutokana na mawazo ya namna hiyo alijenga nadharia yake kwamba kila aina ya mnyama ina ulimwengu wake, uliojengwa kwa ishara zile tu ambazo viungo vyake vinaweza kuzipokea na matendo yale tu ambayo viungo vyake vinaweza kuyatenda. Kwa Kijerumani aliuita *Umwelt*. Mwalimu wa Kiswahili akitaka kulitafsiri neno hilo atakimbilia «mazingira», na kamusi zitamuunga mkono. Sisi tunaona kwamba hapo pana mtego. Mazingira ni kile kimzungukacho mnyama, nacho ni kimoja kwa wote walio mahali hapo: ng'ombe, nyoka na mchunga ng'ombe wako katika mazingira mamoja. Uexküll alikusudia kinyume chake, kwamba hao watatu wako katika walimwengu watatu, ingawa wamesimama juu ya nyasi zile zile. Ajabu ni kwamba hata Wajerumani wenyewe siku hizi hutumia neno lile kwa maana ya mazingira tu, kwa hiyo taabu si yetu peke yetu. Tungependelea kusema «ulimwengu wa mnyama mwenyewe». Ni maneno manne badala ya moja, lakini hayapotoshi.

Na tukiwa bado katika uwanja wetu wa lugha, tutazame neno lenyewe la «ishara». Kiswahili kina utajiri hapa ambao wanafunzi wetu mara nyingi hawautumii. Dalili ni kitu kinachoonyesha kitu kingine bila ya mtu kukusudia: mawingu meusi ni dalili ya mvua. Alama huwekwa, kama mkato juu ya gome la mti. Ishara hutolewa na mmoja kwa mwingine, kama mkono unaopungwa. Je, kivuli cha nungu-bahari ni kipi katika hivyo vitatu? Samaki hakukusudia kukitoa, basi si ishara. Hakuna aliyekiweka, basi si alama. Ni dalili, lakini dalili ambayo isingekuwepo kama nungu-bahari asingekuwepo wa kuipokea. Kirundi hulitazama jambo hilo hilo kwa neno *ikimenyetso*, linalotokana na kumenya, yaani kujua. Nalo neno alama, kwa asili yake ya Kiarabu, limetoka katika shina lile lile lililotupa elimu na mwalimu. Lugha mbili zisizo za ukoo mmoja zimekubaliana kwamba ishara ni jambo la kujua. Uexküll angefurahi.

Mfano wake uliopata umaarufu zaidi si wa baharini, nao wafugaji wa Gitega hawahitaji kuelezwa mengi: ni kupe. Kupe aliyemchagua Uexküll ni wa misitu ya Ulaya. Hana macho. Hupanda juu ya kijiti akangoja. Katika mambo maelfu yanayotokea msituni, matatu tu yana maana kwake: harufu ya asidi iliyomo katika jasho la wanyama, ambayo humfanya ajiachie aanguke, kisha mguso wa manyoya, ambao humtembeza mpaka apate mahali palipo wazi, kisha joto la ngozi, ambalo humfanya atoboe na kunyonya. Ndege, maua na mvua havimo katika ulimwengu wake. Uexküll aliongeza kwamba huko Rostock walikuwako kupe waliokaa miaka 18 bila ya kula, wakingoja. Wataalamu wa leo wanajua kwamba orodha hiyo ya mambo matatu ilikuwa fupi mno: kupe huhisi pia hewa ya kaboni itokayo katika pumzi za wanyama, na yule kupe wa masikio anayeeneza ndigana kali katika ng'ombe wa Afrika Mashariki anayo macho, tofauti na ndugu yake wa Ulaya. Hata hivyo sura ya hoja haikubomoka. Kila aina ya kupe ina orodha yake, na orodha hiyo ndiyo ulimwengu wake.

Tumefika penye ngazi. Katika kitabu cha 1934, alichokitunga pamoja na mchoraji Georg Kriszat, Uexküll anaeleza kwamba aliwahi kufuatana na kijana Mwafrika kutoka bara mpaka Dar es Salaam. Anamsifu kwa akili na wepesi. Alipomwamuru kupanda ngazi fupi, kijana aliuliza atapandaje, kwa kuwa yeye haoni ila fito na nafasi tupu. Mwenzake mmoja alipopanda mbele yake, naye akapanda pale pale. Uexküll anaueleza mkasa huo kwa nia njema: anataka kuonyesha kwamba hatuoni vitu kwa macho peke yake, bali tunaona matendo ndani ya vitu. Aliyekwisha kupanda ngazi huona mpando. Asiyewahi kupanda huona fito.

Hoja hiyo ni ya kweli, na sisi tunaofundisha lugha tunaithibitisha kila mwaka. Mwanafunzi asiyejua Kiswahili akisikia «hawakutuandikia» husikia sauti tu, mfululizo mmoja usio na mlango. Anayejua husikia ukanushi, watu, wakati uliopita, sisi, kuandika, na kutendea. Sauti ni zile zile. Ngazi ni ile ile.

Lakini tunauliza kwa nini mfano huo ulipewa mwili wa mtu huyu. Kijana hakuwa mtalii. Alikuwa na bwana wake katika mji wa bwana wake, mwaka mmoja au miwili baada ya kodi kuanza, akiamriwa kupanda. Alikotoka hatuambiwi, bara ni kubwa, nasi hatudai kwamba alikuwa Mrundi, Mha au Mnyamwezi. Hatujui aliporudi kwao, kama alirudi, alisimulia nini juu ya Mzungu aliyekuwa akiangalia vivuli juu ya maji. Na kitabu chenyewe kimejaa kupe, nyuki, konokono na nungu-bahari, hata msomaji wa Ulaya wa mwaka 1934 angeweza kuteleza kwa urahisi na kumweka kijana huyo katika orodha hiyo. Kwa haki ni lazima tuseme kwamba Uexküll hakujitoa nje ya hoja yake. Katika kitabu hicho hicho anaeleza kwamba aliwahi kukaa mezani kwa rafiki yake, akitafuta gudulia la udongo alilolizoea, asiuone mtungi wa kioo uliokuwa mbele ya macho yake, kwa sababu gudulia lilikuwa limevunjika na yeye hakujua. Basi Mzungu asiyeona mtungi na Mwafrika asiyeona ngazi ni mamoja. Ndivyo ilivyo kwa hoja. Kwa historia sivyo, kwa maana mmoja ana jina juu ya jalada la kitabu, na mwingine hana.

Lipo jambo zito zaidi ambalo wampendao aghalabu hulipita kimya. Mwaka wa 1920 Uexküll aliandika kijitabu juu ya dola, akiifananisha na mwili ulio hai ambamo kila kiungo kina kazi na mahali pake, na kuiona demokrasia kama maradhi ya mwili huo. Kijitabu hicho kilitolewa tena mwaka wa 1933, mwaka Hitler alioshika madaraka. Mtu aliyeweza kumheshimu nungu-bahari kwa kuwa na ulimwengu wake hakuona taabu kuwapangia binadamu mahali pa kukaa kama viungo vya mwili. Hatuoni kwamba kosa hilo linafuta kazi yake ya baharini. Wala hatuoni kwamba kazi ya baharini inalifunika kosa hilo.

Baada ya kifo chake jina lake lilififia. Neno «biosemiotiki» lilitumiwa na Friedrich Rothschild mwaka wa 1962, na mwaka uliofuata Thomas Sebeok, mtaalamu wa isimu aliyezaliwa Hungaria akafanya kazi Marekani, alibuni jina la elimu ya ishara za wanyama. Ni Sebeok, mtu wa lugha kama sisi, aliyemfufua Uexküll katika miaka ya 1970 na kuwaonyesha wenzake kwamba mtaalamu huyu wa nungu-bahari alikuwa akifanya semiotiki bila ya kuiita kwa jina hilo. Mwaka wa 1993 kituo chenye jina lake kilianzishwa Tartu, na tangu mwaka wa 2001 wataalamu wa fani hii wamekuwa wakikutana katika mikutano yao.

Kutoka hapo swali likasogea nyuma kabisa, hadi mwanzo wa uhai. Uexküll mwenyewe hakulipenda. Aliamini kwamba kuna mpango katika maumbile, na nadharia ya Darwin aliipinga hadi mwisho. Lakini mwaka wa 1961 Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walifaulu kulisoma neno la kwanza katika maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya chembe hai, na kufikia mwaka wa 1966 orodha nzima ilijulikana: herufi 4, maneno 64 ya herufi tatu tatu, ambayo 61 huita asidi amino 20 zinazojenga protini, na 3 huamuru kukoma. Mtu wa lugha hawezi kuiona orodha hiyo bila ya kushtuka. Hakuna kitu katika sauti za neno «mti» kinachofanana na mti, ndiyo maana Mrundi husema *igiti* na mambo yakaenda. Je, hakuna kitu pia katika herufi tatu za urithi kinacholazimisha asidi hii badala ya ile? Francis Crick alisema mwaka wa 1968 kwamba huenda mpangilio huo ulitokea kwa bahati, kisha ukaganda. Katika biosemiotiki watu wamegawanyika. Jesper Hoffmeyer wa Denmark, akifuata njia ya Sebeok, alishikilia kwamba uhai na ishara ni pacha, na kwamba kabla ya chembe ya kwanza hapakuwa na maana duniani. Marcello Barbieri wa Italia amesema kwamba kanuni za kuunganisha ishara na kiashiriwa zilitangulia, na kufasiri kulikuja baadaye sana, kwa wanyama wenye neva. Sisi si waamuzi wa ugomvi huo, ila tunaona kwamba swali la Barbieri ndilo tunaloulizwa darasani kwa njia nyingine: je, mtoto akikariri kanuni bila ya kuelewa, amesema?

Hatutaki msomaji adhani kwamba Afrika Mashariki imetoa vivuli na ngazi tu, na wataalamu wametoka ng'ambo. Mlembe, yule ndege awaongozaye watu penye mzinga wa nyuki, alitajwa na mtawa wa Kireno João dos Santos katika kitabu cha 1609, na warina asali walimjua kabla ya hapo. Hata hivyo, katika karne ya 20 wako waliotilia shaka kwamba ndege huyo kweli anatoa habari. Aliyewajibu ni Hussein Isack wa Kenya. Pamoja na Heinz-Ulrich Reyer alifuatana na warina asali Waborana kaskazini mwa nchi hiyo, na mwaka wa 1989 wakachapisha matokeo. Waborana walikuwa wamesema kwamba mlembe huwaeleza upande uliko mzinga, umbali wake, na kwamba wamefika. Vipimo vikaonyesha kwamba walisema kweli yote matatu. Katika maeneo wasiyoyazoea, mrina asiye na ndege alitumia kwa wastani saa 8.9 kupata mzinga. Mwenye ndege alitumia saa 3.2. Na Waborana nao humwita mlembe kwa mbinja kali inayosikika zaidi ya kilomita moja.

Utafiti uliofuata umeongeza jambo linalotuhusu zaidi walimu wa lugha. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji humwita mlembe kwa sauti ya kutetemesha midomo inayomalizikia kwa mguno. Wahadza wa Tanzania humwita kwa mluzi. Mwaka wa 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood walieleza kwamba walipiga sauti hizo zilizonaswa katika nchi zote mbili. Milembe wa Tanzania waliitikia mluzi wa Wahadza zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Wayao, na wale wa Msumbiji waliitikia sauti ya Wayao karibu mara mbili kuliko mluzi. Ndege wa aina moja, kwa hiyo, wamejifunza lahaja ya watu wa mahali pao.